Bosi anataka nisaini karatasi kwamba mtoto akizama bwawani ni juu yangu, nisaini?

Mpiga Deki:
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri wa haraka maana nimepewa mpaka Jumatatu.

Nafanya kazi sehemu moja hapa Dar, jina naliacha, kuna baa, kuna jiko la nyama choma na mabwawa mawili, la wakubwa na la watoto. Niliajiriwa usafi, mkataba umeandikwa kabisa "mhudumu wa usafi", lakini kidogo kidogo nikaanza kupewa klorini niweke asubuhi, mara nikapewa wavu wa kuopoa majani, mara dada wa tiketi kaacha kazi nikapewa na meza ya tiketi pale getini, halafu siku moja meneja akaja na tisheti nyekundu mgongoni imeandikwa LAIFUGADI, yaani mwokoaji wa bwawani, akaniambia vaa hii. Basi ndo ikawa hivyo. Mafunzo hakuna. Kuogelea najua, nimekulia Kigamboni, ila kuogelea kwetu mnakujua, mradi usizame.

Sasa Iddi iliyopita watoto walijaa mpaka maji huyaoni. Mimi nakata tiketi, kuna mama ananigombeza chenji ya elfu mbili, nikageuza shingo tu hivi nikaona kichwa cha dogo wa miaka kama tisa, kipo wima, kinapanda kinashuka, kimya. Wenzake hapo hapo pembeni wanarushiana mpira. Nilidhani anacheza. Kilichonishtua ni kwamba maji yalikuwa yanampita usoni na hajifuti, na mtoto anayecheza lazima atajifuta uso. Niliruka na hela za tiketi mfukoni na simu yangu juu. Nikamtoa, akatapika, akalia, mama yake akaninunulia soda mimi, na mtoto naye akamnunulia soda, wakaondoka.

Nikadhani yameisha. Juzi meneja kaniita ofisini kanipa karatasi, nainukuu: "Mimi nakubali kuwajibika kisheria na kifedha kwa ajali yoyote itakayotokea eneo la bwawa." Anataka nisaini na niweke dole gumba. Na ukutani kwetu kuna bango kubwa "Uongozi hautahusika na ajali, upotevu wala kifo".

Swali langu, nikisaini halafu mtoto akafa nafungwa mimi? Nisiposaini wanaweza kunifukuza? Na huo ulaifugadi wenyewe unasomewa wapi na cheti kinakuwaje?

Vitumbua Viwili:
Hiyo karatasi kafungie vitumbua mkuu.

Wakili wa Ngarenaro:
Mpiga Deki usisaini, ila usiichane pia, itunze, piga picha. Nitaandika kirefu kidogo maana kuna mambo watu wanayachanganya kwenye hizi kesi.

Tuanze na fidia. Kwa huku Bara madai ya uzembe yanasimama juu ya ile sheria ya kawaida ya Kiingereza tuliyoirithi, iliyokuwepo mpaka tarehe 22 Julai 1920, pamoja na maamuzi ya mahakama zetu wenyewe tangu hapo. Msingi wake mwepesi tu. Ukifungua mahali ukaita watu kwa kiingilio, una wajibu wa kuchukua tahadhari wasiumizwe na hatari ambayo mtu makini angeiona. Maji ya mita mbili na watoto mia moja, hiyo hatari hata kipofu anaiona. Na mwajiri anabeba makosa ya mfanyakazi wake akiwa kazini, kwa hiyo familia ikienda mahakamani kwa kawaida inamshtaki mwenye mali, sio wewe mpiga deki ambaye hata ukiuzwa hufiki hiyo fidia. Karatasi yako ni makubaliano kati yako na bosi, mama wa mtoto hakuisaini, haimhusu hata kidogo.

Bango nalo vivyo hivyo. Mtoto wa chini ya miaka 18 hana uwezo wa kuingia mkataba kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, sasa huyo dogo wa miaka tisa alikubaliana na bango lini na hata kulisoma hakulisoma? Mtu akifa, wategemezi wake wanadai kupitia Sura ya 310, sheria ya fidia za vifo vya ajali, na madai ya aina hii muda wake ni miaka mitatu. Kama bwawa ni la halmashauri kuna kitu cha ziada, lazima utoe notisi ya siku 90 kwanza, Sura ya 5, sheria ya kuishtaki serikali, watu wengi wanaanguka hapo kabla hata kesi haijasikilizwa.

Pili, hiyo "kifedha". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, hairuhusu bosi akukate tu mshahara kwa hasara. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akupe sababu kwa maandishi, akupe nafasi ya kupinga, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara. Ndo maana anakutafutia saini, ili siku hiyo asikutafute kukubembeleza.

Tatu ni jinai, na hapa sitaki nikudanganye ili ulale vizuri. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuua bila kukusudia sio kupiga tu, hata kuacha kutimiza wajibu wa kulinda uhai kwa uzembe wa kupindukia kunaingia humo. Jinai haina mwajiri wa kukubebea, kila mtu na lake. Polisi wakija watauliza nani alikuwa na jukumu la bwawa, na wewe utakuwa umesimama pale umelowa, umevaa tisheti nyekundu, na saini yako iko mezani. Meneja aliyemkabidhi bwawa mtu asiye na mafunzo huku anamkatisha tiketi naye hajasalimika, lakini wewe usiende kumrahisishia.

Hiyo tisheti ndo inaniudhi kuliko karatasi. Mzazi akiiona anajua kuna mtu anaangalia, anaenda kuagiza mishkaki kwa amani.

Unachofanya: andika barua, nakala mbili, useme umeajiriwa usafi, hujapata mafunzo ya uokoaji, huwezi kukata tiketi na kuangalia maji kwa wakati mmoja, unaomba upelekwe mafunzo na unaomba mtu wa tiketi. Taja na tukio la Iddi, tarehe na saa. Nakala moja wakugongee muhuri wa kupokea. Ukifukuzwa kwa kukataa kusaini, na kama umeshapita miezi sita kazini, unaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, siku 30 sio miezi, usije ukakaa nyumbani unahesabu hasira.

Baba Mabwawa:
Mawakili bana, mnaandika kama hela zinaota. Mimi ninalo bwawa, dogo tu, mkoani. Kiingilio mtoto elfu tatu. Hapo nitoe klorini, umeme wa pampu, maji yenyewe, kodi, halafu niweke waokoaji wawili wenye vyeti? Nitauza bwawa lote. Na wazazi mbona hamuwasemi? Mtu analeta watoto sita, watatu wa jirani, anawamwaga pale anaenda kwenye bia, saa kumi na mbili ndo anakuja kuhesabu. Akikosa mmoja kosa ni la nani?

Wakili wa Ngarenaro:
Baba Mabwawa mzazi naye anaweza kubebeshwa sehemu yake, mahakama huwa inagawa lawama kwa asilimia, kwa hiyo utakachopata ni punguzo. Bado utalipa. Na kama huwezi kumudu waokoaji wawili basi punguza watu wanaoingia kwa mara moja, hakuna sheria inayokulazimisha kuuza tiketi mia mbili.

Mtanga wa Deira:
Salamu kutoka Dubai wakuu, mimi mtu wa Tanga nipo huku mwaka wa sita, laifugadi wa hoteli. Uzi huu umenigusa maana nilianza kama wewe Mpiga Deki, tisheti kwanza mafunzo baadae.

Huku huwezi kukaa kwenye kile kiti bila cheti na kadi, wakaguzi wa manispaa wanakuja wanataka kuona. Cheti changu ni cha Royal Life Saving Society ya Uingereza. Kwenye mtihani unaruka ndani, unaogelea mita 50 ndani ya sekunde 60, halafu mita 100 bila kusimama, za kifudifudi na za chali, unaelea sekunde 30 kwenye kina bila kushika kitu, unazama mpaka sakafuni upande wa kina kirefu, halafu unatoka majini bila ngazi. Mara ya kwanza nilifeli ile ya mita 50, nilitumia sekunde 64, mimi mtoto wa bahari! Mkufunzi akaniambia unajua kuogelea ila huna haraka. Hapo bado hujavuta mtu, hujatoa mwenye shingo iliyoumia, hujapulizia mdoli wa mazoezi. Na cheti kinaisha baada ya miaka miwili unarudia, katikati hapo kila mwezi tuna mazoezi, anayekosa hapangiwi zamu. Rafiki yangu aliyeko Marekani cha kwake ni cha Msalaba Mwekundu wa kule, nacho miaka miwili, na wanaanza na vijana wa miaka 15, kwa hiyo umri sio hoja, hoja ni mafunzo.

Sasa hiyo habari ya yule dogo kuwa kimya. Kuna Mmarekani mmoja anaitwa Frank Pia, alikuwa laifugadi Orchard Beach kule Bronx, aliwapiga picha za sinema watu wakizama kweli kweli akazisoma. Akaona mtu anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono kama kwenye muvi. Mdomo unazama na kuibuka, akiibuka anawahi pumzi tu, sauti ya kuita hana. Mikono inasukuma maji pembeni, mwili uko wima, miguu haimsaidii. Hapo una sekunde 20 mpaka 60 kabla hajaenda chini. Sekunde 60 mzee, ni chenji ya mama mmoja.

Sisi tunafundishwa kumi na ishirini. Sekunde 10 macho yawe yamepita eneo lako lote, juu, katikati mpaka sakafuni, na sekunde 20 uwe umemfikia mwenye shida. Idadi ya waokoaji inatoka hapo, unajiuliza eneo hili mtu mmoja anaweza kulimaliza kwa sekunde kumi? Haiwezekani, weka wa pili au funga sehemu. Na hukai kiti kimoja siku nzima, sisi kila nusu saa tunabadilishana maana macho yanachoka yanaanza kuangalia bila kuona.

Nakupa jaribio la bure. Kesho asubuhi kabla hamjafungua chukua sahani nyeupe ya plastiki, ifunge jiwe, idondoshe upande wa kina kirefu. Nenda kaa pale meza ya tiketi. Ukiiona njoo uniambie. Usipoiona basi hata mtoto aliyelala pale chini humuoni. Na ukisimama ukingoni kabisa ukashindwa kuona tundu la kutolea maji kule chini, siku hiyo bwawa halifunguliwi, hata kama ni Iddi.

Bi Kisauni:
Mie niko Mombasa, nasoma hapa nikikumbuka ya mpwa wangu. Shule iliwapeleka watoto kama sitini bwawani, walimu wawili. Alipotolewa majini mpwa wangu, alhamdulillahi mzima, nikenda kuuliza. Walimu waniambia wao walidhani wenye bwawa ndio waangalizi, wenye bwawa waniambia wao wakikodisha kwa shule basi walimu ndio waangalizi. Watu wazima wote wale, kila mmoja amtazama mwenziwe, majini hapana aliyetazama! Sasa mukikodisha au mukikodi, iandikweni kwa jina, fulani asimama hapa, fulani kule, kuanzia saa fulani.

Kwa upande wa sheria, huku Kenya tuna Sheria ya Dhima ya Wenye Mahali, Sura ya 34, nayo imesema wazi mwenye mahali atarajie watoto kuwa hawana uangalifu kama watu wazima. Na onyo peke yake halimwokoi mpaka liwe latosha kumfanya mgeni awe salama. Basi hilo bango lenu la "uongozi hautahusika" lamfanya nani salama, kwani hata kina hakikuandikwa? Miaka mitatu kudai kama kwenu, ila ukiishtaki serikali ni miezi 12 tu.

Nesi wa Zamu:
Jamani nimesoma mpaka hapo kwenye soda nikashika kichwa. Kaka yangu umefanya kazi nzuri kumtoa lakini mtoto aliyemeza maji mpaka akatapika anatakiwa aende hospitali siku hiyo hiyo aangaliwe, hata kama analia na anataka kurudi kuogelea. Maji yakishaingia kwenye mapafu shida ya kupumua inaweza kuja masaa kadhaa baadae, anaanza kukohoa, anapumua haraka haraka, anakuwa kama ana usingizi, wazazi wanasema kachoka na kuogelea.

Na kitu kingine ninachokutana nacho zamu hizi za sikukuu, mtoto analetwa wanasema "tumeshamtoa maji", ukiuliza mmemtoaje, wamemning'iniza kichwa chini miguu juu wakamtikisa, au wamemlalia tumbo. Acheni kabisa. Dakika mnazopoteza hapo ndo dakika za ubongo wake. Aliyezama tatizo lake ni hewa, kwa hiyo kama hapumui mlaze chali mahali pagumu, nyanyua kidevu, mpulizie mara tano kwanza, kifua kionekane kinapanda, halafu mkandamize kifua mara 30, mpulizie 2, 30 kwa 2, msiache mpaka apumue au msaada ufike. Huku mwingine anatafuta gari. Haya mambo Msalaba Mwekundu wanafundisha, hapa hapa Tanzania, nenda na bosi wako umshike mkono.

Mpiga Deki:
Aisee asanteni sana, sikutegemea. Nesi umenitia wasiwasi, yule mama sina hata namba yake. Mtanga hiyo sahani naijaribu kesho. Swali moja kwa Mtanga, kuna jamaa ananiambia anatoa cheti cha laifugadi kwa siku moja tu, laki na nusu, unakaa darasani unapewa na picha. Nimlipe?

Mtanga wa Deira:
Hamna kuingia majini? Basi hiyo laki na nusu nunua nyama ule na familia. Muulize vitu vitatu, nani anakitambua hicho cheti nje ya ofisi yake, kinaisha lini, na mtihani wa majini ni upi. Asipokujibu cha tatu ondoka. Hoteli kubwa za huko huwa zinaleta wakufunzi kwa ajili ya watu wao, jaribu kuulizia kama mnaweza kujiunga watu wawili watatu mkachangia gharama, bei inashuka.

Baba Mabwawa:
Mimi sikatai mafunzo jamani msinielewe vibaya. Na niseme tu ukweli, mwaka juzi tulitoa binti chini pale kwangu, akapona, tangu siku hiyo nimefunga kamba upande wa kina kirefu na wikiendi hapaogelewi kabisa, na nimenunua zile bangili za karatasi, rangi mbili, wenye nyekundu wakimaliza saa moja yao wakitoka ndo wanaingia wa bluu. Watu arobaini tu kwa mara moja. Kelele nilizisikia wiki mbili, wakazoea. Mauzo ya chipsi yamepanda kwa kweli, maana wanaosubiri wanakula.

Vitumbua Viwili:
Baba Mabwawa si ulisema utauza bwawa lote 😂

Mpiga Deki:
Mrejesho wakuu.

Jana asubuhi saa moja nimedondosha sahani. Kutoka meza ya tiketi sijaona kitu, jua linapiga juu ya maji unaona mng'ao tu kama bati jipya. Nikasogea hatua kwa hatua, nimekuja kuiona nikiwa nimebakiza kama mita mbili kufika ukingoni, na hapo maji yametulia, hamna mtu hata mmoja. Nikamwita mpishi na yule mlinzi wa getini nao wakae pale mezani waangalie, mlinzi akasema labda sijaitupa. Nikapiga picha ya kumwonyesha meneja.

Barua nimepeleka, nimeandika kama Wakili alivyosema, tukio la Iddi nimeliweka na tarehe. Kwanza alikasirika akasema nani ananifundisha, nikamwambia nimeuliza tu watu wazima. Karatasi yake sijasaini. Muhuri alikataa kugonga, katibu wake ndo amegonga meneja alipotoka kwenda benki.

Kilichobadilika mpaka leo, meza ya tiketi imehamia nje ya geti na mdogo wake meneja ndo anakata. Mimi nimepewa kiti cha plastiki, nimekiweka upande ambao jua liko mgongoni kwangu. Kamba ya upande wa kina anasema tutafunga mwisho wa mwezi. Mafunzo kasema nilete bei. Tisheti nimeivua, nimevaa ya kwangu ya njano, ameniuliza kwa nini nikamwambia ile nitavaa nikifaulu.

Ila leo mama mmoja kaja kaniuliza "laifugadi yuko wapi", nikamwambia mama hapa hayupo, mwanao kaa naye wewe. Amenuna kaenda kukaa ukingoni miguu kwenye maji mpaka jioni.